Dawa ya Mbegu za Soya: Yazuia Nini, na Haizuii Nini

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, wakulima wa Iowa na Illinois, katikati ya nchi ya Marekani, huwa na jambo moja la kuamua, nalo si dogo. Theluji imekwisha kuyeyuka, matrekta yako tayari, na mbegu za soya zimo ghalani. Lakini udongo ungali baridi. Mkulima achomekapo kipimajoto ardhini asubuhi, kiasi cha inchi mbili, huona digrii 50 tu za Fahrenheit, yaani Sentigredi 10, na pengine chini ya hapo. Je, apande sasa, au angoje mpaka katikati ya Mei kama alivyofanya baba yake?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mahindi yalipandwa kwanza, soya ikafuata. Siku hizi wengi hupanda soya mapema, na wanayo sababu. Maganda ya soya hutokea penye vifundo vya shina, na mmea uliotangulia kuota huwa na vifundo vingi zaidi. Tena majani yake huifunika nafasi iliyo kati ya mistari mapema, yakalipokea jua la siku ndefu za mwezi wa Juni badala ya kuliacha lianguke juu ya udongo mtupu. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Nebraska ya mwaka 2003 na 2004, ilionekana ya kwamba kila siku ya kuchelewa baada ya mwanzo wa Mei ilipunguza mavuno kwa ratili 15 hivi kwa eka katika mwaka wa kwanza, na ratili 38 hivi katika mwaka wa pili. Kwa hesabu hiyo, aliyechelewa kwa majuma mawili alipoteza ratili 210 kwa kila eka mwaka ule wa kwanza, na zaidi ya 500 mwaka uliofuata. Mtu mwenye mamia ya eka hawezi kulidharau jambo hilo.

Basi kwa nini wote hawapandi mapema? Ni kwa sababu mbegu iliyopandwa katika udongo wa baridi hulala ardhini muda mrefu, na huko chini haiko peke yake.

Siku ya kwanza ndiyo ya hatari

Udongo wenye joto la kutosha na unyevu wa kiasi huotesha soya katika siku tano mpaka saba. Udongo wa baridi huweza kuikawiza mbegu ile ile kwa majuma matatu. Lakini taabu huanza kabla ya hapo, siku ile ile ya kupanda.

Mbegu ya soya ni kavu, na ili iote yapasa inywe maji yapatayo nusu ya uzito wake. Huyanywa kwa nguvu, hasa katika saa za kwanza. Sasa maji hayo yakiwa ya baridi sana, ngozi nyembamba zilizo ndani ya mbegu, ambazo wakati huo zinajaribu kulainika na kujipanga upya, hupasuka. Mbegu iliyopata jeraha hilo pengine hufa papo hapo, au huota mche dhaifu. Hata ikiokoka, sukari na vyakula vingine vilivyomo ndani yake huvuja na kuingia katika maji ya udongo.

Sukari hiyo ni kama harufu ya chakula kilichopikwa jirani. Viini vya magonjwa vilivyolala udongoni miezi mingi, hata miaka, huamka na kuifuata.

Maadui wanne

Kuoza kwa mbegu na miche ni ugonjwa ambao wakulima wa mboga wa Tanzania huuita kinyausi. Katika soya ya Marekani maadui wakubwa wa mche mchanga ni wanne: Pithiamu, Fitofthora, Rizoktonia na Fusariamu. Majina haya ni mageni, lakini yafaa kuyajua kwa sababu moja, nayo ni kwamba dawa imwuayo mmoja pengine haimgusi mwingine hata kidogo.

Pithiamu ndiye adui mkuu wa mbegu zipandwazo mapema. Kwa macho ya zamani alihesabiwa kuwa kuvu, sawa na ukungu wa mkate, lakini wataalamu wa leo humweka karibu zaidi na mwani wa majini kuliko uyoga. Tabia zake zalingana na ukoo huo. Udongo ukijaa maji, Pithiamu hutoa vijidudu vidogo mno vyenye mikia miwili, navyo huogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo mpaka viifikie mbegu inayovuja sukari. Ziko namna nyingi za Pithiamu, na baadhi yao hupendelea baridi ile ile inayoichelewesha soya. Hapo ndipo shida ilipo. Adui yu macho na mwenye nguvu, na mbegu imezubaa. Mkulima akifukua mstari wenye mapengo hukuta mbegu iliyooza na kuwa laini kama uji, au kichipukizi kilicholowana na kuwa cha rangi ya kahawia.

Fitofthora ni ndugu wa Pithiamu, naye pia huogelea, lakini hupenda udongo wenye joto zaidi, kwa kawaida zaidi ya digrii 60. Kwa hiyo huja baadaye kidogo, mvua kubwa zinyeshapo na maji yakasimama katika udongo wa mfinyanzi. Huyu haridhiki na miche tu, bali huweza kuua soya iliyokwisha kuwa kubwa, shina likawa jeusi kuanzia chini kwenda juu. Ugonjwa wake ulianza kuonekana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika jimbo la Indiana.

Rizoktonia na Fusariamu ni kuvu hasa. Rizoktonia huacha alama isiyosahaulika, yaani kidonda chekundu chenye shimo, mahali shina linapotokea udongoni. Fusariamu huzigeuza mizizi kuwa ya kahawia na kuifanya michache.

Dawa yafanyaje kazi

Wazo la kuitia mbegu dawa ni la zamani sana. Yasimuliwa ya kwamba katika karne ya 17 meli yenye shehena ya ngano ilizama karibu na Bristol, Uingereza. Wakulima waliookota ngano ile iliyolowa maji ya chumvi wakaipanda, nayo ikatoa mavuno yasiyo na ugonjwa wa masizi, hali mashamba ya jirani yalikuwa yameharibika. Tangu hapo watu wakawa wakilowesha mbegu katika maji ya chumvi. Mwaka 1807 Mfaransa Bénédict Prévost aliandika ya kwamba mrututu, hata kwa kiasi kidogo mno, huzuia viini vya ugonjwa huo visiote. Dawa za leo ni watoto wa ugunduzi huo.

Mbegu ya soya hupakwa dawa katika chombo kizungukacho, dawa ikaishika kwa tabaka jembamba. Ikiisha kupandwa, unyevu wa udongo huyeyusha sehemu ya tabaka lile, ikaenea kandokando na kuizunguka mbegu kama ua unavyozunguka boma. Nyingine huingia katika mche na kupanda pamoja na maji yake. Adui ajapo hukuta mlango umefungwa.

Lakini kila ua una adui wake. Metalaksili ni dawa ya hao waogeleaji wawili, Pithiamu na Fitofthora. Kwa Rizoktonia ni kama maji matupu. Fludioksonili, kwa upande wake, huzuia Rizoktonia na Fusariamu, lakini Pithiamu huipita bila kujali. Ziko pia zile ziitwazo strobilurini, ambazo hugusa namna nyingi za kuvu. Hapa pana jambo la kupendeza. Strobilurini ziliigizwa kutokana na kitu kilichopatikana katika uyoga mdogo uotao juu ya matunda ya misonobari, na fludioksonili iliigizwa kutokana na kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Uyoga na bakteria hao walikuwa wakijikinga hivyo na jirani zao tangu zamani, kabla mwanadamu hajajua kulima.

Kwa kuwa hakuna dawa moja iwezayo maadui wote, mbegu nyingi zinazouzwa Marekani hupakwa mchanganyiko wa dawa mbili, tatu au zaidi. Mkulima mwangalifu husoma karatasi iliyoshonwa juu ya gunia na kuuliza swali hili: je, katika mchanganyiko huu imo dawa ya Pithiamu, na ni kwa kiasi gani? Shamba la bondeni, lenye mfinyanzi na maji yasiyoondoka upesi, lahitaji kiasi kikubwa kuliko shamba la mchanga lililo juu ya kilima. Mbegu iliyopakwa kidogo mno huwa na rangi nzuri na kinga haba.

Tena maadui nao hujifunza. Metalaksili ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufika mwaka 1980 wakulima wa viazi wa Ireland walikwisha kuona ya kwamba ugonjwa wa viazi, uletwao na jamaa ya Fitofthora ya soya, hauisikii tena. Katika mashamba ya soya ya Marekani pia wamepatikana Pithiamu ambao dawa hiyo haiwasumbui. Kwa ajili hiyo watengenezaji wameongeza dawa nyingine kama ethaboksamu, ambayo huwashambulia waogeleaji kwa njia tofauti.

Mambo isiyoyaweza

Dawa ya mbegu hununua muda, wala haifanyi zaidi ya hapo. Nguvu yake hudumu majuma mawili au matatu hivi tangu kupanda. Mbegu ikipandwa tarehe 20 Aprili, kisha baridi ikakaza na mche usitokeze mpaka karibu na katikati ya Mei, mche huo hutokea wakati ua umekwisha kubomoka, na mvua kubwa ya mwezi huo humkuta hana kinga. Ndiyo sababu washauri wa kilimo huwaambia wakulima wasiutazame udongo wa leo tu, bali pia hali ya hewa ya siku zijazo. Ikiwa mvua ya baridi yatazamiwa katika siku moja au mbili baada ya kupanda, afadhali trekta libaki bandani.

Wala dawa haizuii jeraha la maji ya baridi lililotajwa hapo juu, kwa maana jeraha lile halikuletwa na kiini chochote cha ugonjwa. Mbegu iliyopasuka wakati wa kupurwa au iliyozeeka ghalani hairudishiwi uhai kwa kupakwa rangi. Maji yaliyosimama shambani siku kadhaa huua mche kwa kuukosesha hewa, na hapo dawa haina la kufanya. Kwa Fitofthora, kinga ya kudumu hupatikana katika kuchagua aina ya soya yenye asili ya kuuhimili ugonjwa huo, kwa kuwa dawa hulinda utoto wa mmea tu.

Kuna swali la fedha pia. Katika udongo uliokwisha kupata joto, mbegu njema na shamba lisilotuama maji, majaribio mengi yameonyesha tofauti ndogo kati ya mbegu zilizopakwa na zisizopakwa, na pengine hapakuwa na tofauti yoyote. Soya ina tabia ya kujitandaza. Mmea ulio karibu na pengo huongeza matawi na kulijaza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa husema ya kwamba mimea 100,000 kwa eka, ikiwa imesambaa sawasawa, yatosha kuleta mavuno kamili. Kwa hiyo mkulima apoteaye miche michache huwa hajapoteza kitu. Anayepaswa kuilipia dawa bila kusita ni yule apandaye mapema, au apandaye mbegu chache kwa eka, au ambaye shamba lake lilikwisha kumwonyesha mapengo miaka iliyopita.

Uko ugonjwa mmoja ambao huharibu hesabu hiyo rahisi. Ulionekana kwanza katika jimbo la Arkansas mwaka 1971, nao huletwa na namna moja ya Fusariamu. Kiini chake huingia katika mizizi ya miche michanga wakati wa baridi na unyevu, kisha hunyamaza. Shamba hupendeza Juni nzima. Ifikapo mwisho wa Julai au Agosti, wakati maganda yanapojaa, majani hugeuka manjano kati ya mishipa, yakakauka na kuanguka kwa ghafula, hata watu wakauita ugonjwa wa kifo cha ghafula. Mkulima hulaumu jua au mvua ya juma lililopita, kumbe kosa lilitendeka miezi mitatu nyuma. Dawa za kawaida za mbegu hazikuuweza. Tangu mwaka 2015 hivi wakulima wa Marekani wamekuwa wakitumia fluopiramu, ambayo huupunguza. Dawa hiyo huacha ukingo wa kahawia juu ya majani mawili ya kwanza, na wengi walioiona mara ya kwanza walidhani soya yao imeungua. Mche huendelea kukua bila shaka.

Rangi nyekundu ya Iraq

Mbegu zilizopakwa dawa hutiwa rangi kali, nyekundu, buluu au kijani, ili mtu asizidhani kuwa chakula. Rangi peke yake, hata hivyo, haitoshi, na watu wa Iraq walilijua hilo kwa gharama kubwa.

Mwaka 1971, baada ya ukame, nchi hiyo iliagiza kutoka ng'ambo maelfu mengi ya tani za mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya zebaki. Sehemu kubwa ilifika vijijini baada ya wakati wa kupanda kupita, na njaa ilikuwa imewashika watu. Maonyo juu ya magunia yalikuwa yameandikwa kwa lugha za kigeni ambazo wanavijiji hawakuzisoma. Wengine waliiosha ngano, wakaona rangi yatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Wengine waliwapa kuku kwanza, na kuku walipokaa siku kadhaa bila kudhurika, mama wakasaga unga na kuoka mikate. Zebaki haina haraka. Majuma yalipita kabla ya watu kuanza kufa ganzi vidoleni, kisha kuyumba katika kutembea, kisha kupofuka. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitali, na 459 kati yao walikufa humo. Waliokufa nyumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Miaka kama 15 kabla ya hapo, jambo la namna hiyo lilitokea Uturuki kwa mbegu za ngano zilizotiwa dawa nyingine, heksaklorobenzini. Watu wapatao 3,000 au zaidi waliugua ngozi, na watoto wengi walionyonya maziwa ya mama zao walikufa.

Dawa zipakwazo soya leo si zebaki, na sumu yake kwa mwanadamu ni ndogo sana kuliko ile. Hata hivyo sheria ya Marekani yakataza mbegu iliyopakwa isitumiwe kuwa chakula cha watu wala cha mifugo, wala isikamuliwe mafuta. Punje chache za rangi zikionekana katika lori la soya, mnunuzi huweza kulirudisha lori zima. Mkulima mwenye busara hununua zile atakazozipanda tu, huwa na gunia na debe maalum kwa kazi hiyo, huvaa glavu, na hufukia punje zilizomwagika penye kichwa cha shamba ili ndege wasizile. Gunia lililobaki tupu halichukui unga wala mahindi tena.

Soya ya Afrika Mashariki

Katika Migori, Busia, Kakamega na Bungoma, soya hupandwa na watu wenye mashamba madogo, na udongo wa huko wakati wa mvua hauna baridi ile ya Iowa. Mbegu njema huota upesi. Adui wa kwanza wa miche huko ni maji yaliyotuama na mbegu iliyokaa ghalani mwaka mzima, kwa maana soya hupoteza nguvu ya kuota upesi kuliko mahindi. Anayetaka kujua kama mbegu zake ni nzima azihesabu 100, azikunje katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya juma moja ahesabu zilizoota. Jaribio hilo halina gharama, nalo humwambia mengi kuliko rangi ya dawa.

Anayenunua dawa ya mbegu nchini Kenya aangalie kama chombo kina namba ya kuandikishwa na bodi ya serikali ya dawa za mimea, yaani PCPB, na kama jina la zao lake limetajwa katika karatasi ya maelezo.

Na kuna neno la mwisho ambalo wengi hulikosea. Soya hupata nitrojeni yake kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi, na wakulima wengi wa Kenya magharibi hununua bakteria hao katika pakiti, kama ile ya Biofix, wakazichanganya na mbegu. Bakteria ni viumbe hai. Dawa nyingine za kuvu, hasa zenye shaba, huwaua, na mkulima hubaki akishangaa kwa nini soya yake ni ya manjano hali alilipia vyote viwili. Kwa hiyo kwanza asome kama dawa yake yapatana na bakteria. Ikiwa yapatana, mbegu ipakwe dawa na kuachwa ikauke kabisa. Bakteria watiwe baadaye, kivulini, asubuhi ya kupanda, na mbegu hizo zifukiwe siku ile ile katika udongo wenye unyevu, wala zisianikwe juani.